Lugha Inayosikika: Swali la Lugha ya Sala katika Uyahudi, kutoka Mishna hadi Abayudaya wa Uganda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali moja la kisheria na kiteolojia katika Uyahudi: je, sala ya faradhi yaweza kusaliwa kwa lugha isiyokuwa Kiebrania? Swali hili limejadiliwa tangu Mishna ilipokusanywa, mnamo mwaka 200 B.K., na limezua migawanyiko ambayo ingali inaonekana katika madhehebu ya Kiyahudi ya leo. Makala yanafafanua kwanza matini za sala zenyewe, kisha yanafuatilia mjadala katika Talmudi, katika vitabu vya sheria vya zama za kati na katika mgogoro wa Ujerumani wa karne ya 19. Mwisho yanatazama jamii ya Abayudaya wa mashariki ya Uganda, ambao waliujia Uyahudi kupitia Biblia ya Kiganda. Inadaiwa kwamba ruhusa ya kusali kwa lugha yoyote haikuwahi kufutwa, bali ilizungushiwa masharti, na kwamba masharti hayo yana mafunzo kwa wanaoshughulikia sera ya lugha katika kanda hii.

1.0 Utangulizi

Katika Afrika Mashariki suala la lugha ya ibada si geni. Mwislamu wa pwani husali swala tano kwa Kiarabu, lakini mawaidha huyasikia kwa Kiswahili na dua zake nyingine huziomba kwa lugha yake. Mkatoliki aliyezaliwa kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) aliikuta Misa ikiadhimishwa kwa Kilatini, na wajukuu wake wanaijua kwa Kiswahili, Kiganda au Kikikuyu. Dini hizi mbili zimejadiliwa sana katika taaluma za Kiswahili. Uyahudi haujajadiliwa kwa kiwango hicho, ingawa ndio wenye kumbukumbu ndefu zaidi ya maandishi kuhusu swali hili, na ingawa jirani kabisa, katika vilima vya Mbale, ipo jamii inayoliishi swali lenyewe kila Sabato.

Kumbukumbu hiyo ni ndefu kwa sababu sheria ya dini ya Kiyahudi, iitwayo halakha, hukua kwa njia ya maswali na majibu. Mwumini au jamii humwandikia mwanazuoni, naye hujibu kwa kutaja matini zilizotangulia, kupima hoja na kutoa uamuzi. Maandishi hayo yanakaribiana na fatwa kwa umbo na kwa kazi. Kwa hiyo, anayefuatilia swali moja katika mfululizo huu hupata kuona jinsi jamii inavyobadilika huku ikidai, kwa unyofu, kwamba sheria yake haijabadilika.

2.0 Matini za sala

Myahudi anayeshika sheria husali mara tatu kwa siku: asubuhi, alasiri na jioni. Nguzo mbili zinabeba ibada hiyo. Ya kwanza ni Shema, inayosomwa asubuhi na jioni. Hii ni mikusanyo mitatu ya aya kutoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 11, na Hesabu, sura ya 15. Kwa hakika Shema si ombi. Ni kusoma Maandiko na kukiri umoja wa Mungu. Nguzo ya pili ni Amida, yaani sala inayosaliwa kwa kusimama. Jina lake la kale lina maana ya “kumi na nane”, kwa hesabu ya baraka zake za siku za kawaida, ingawa leo baraka hizo ni kumi na tisa. Baraka tatu za mwanzo ni za sifa, za katikati ni maombi ya mahitaji kama vile hekima, msamaha, uponyaji na riziki, na tatu za mwisho ni za shukrani na amani.

Tofauti kati ya nguzo hizi mbili ni ya msingi katika mjadala wa lugha. Anayesoma Shema anatamka maneno ambayo kwa imani yake yalitoka kwa Mungu. Anayesali Amida anatamka maneno ambayo wanadamu waliyapanga ili kumwelekea Mungu. Kuna pia sala ambazo huhitaji akidi ya watu wazima kumi, iitwayo minyani. Miongoni mwazo ni Kadishi, tangazo la utukufu wa Mungu ambalo husomwa pia na wafiwa. Sehemu kubwa ya Kadishi ni ya Kiaramu, lugha iliyokuwa ya mitaani na sokoni katika Babeli na Palestina ya wakati huo. Ukweli huu peke yake unaonyesha kwamba kitabu cha sala cha Kiyahudi hakijawahi kuwa cha lugha moja tu.

3.0 Swali katika Mishna na Talmudi

Mishna, katika mlango wa saba wa sehemu iitwayo Sota, inaorodhesha matamko yanayoweza kutolewa kwa lugha yoyote na yale ambayo hayana budi kutolewa kwa “lugha takatifu”, yaani Kiebrania. Katika orodha ya kwanza zimo Shema, Amida, shukrani baada ya chakula na viapo vya aina fulani. Katika orodha ya pili zimo baraka ya makuhani na tamko la mtu anayeleta malimbuko ya shamba lake. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kabisa iliyoandikwa juu ya jambo hili ni kanuni ya ruhusa.

Hata hivyo, ruhusa hiyo ilikuwa na mpinzani. Talmudi ya Babeli inaeleza kwamba Rabi Yehuda ha-Nasi, yule yule aliyeikusanya Mishna, aliona kwamba Shema isomwe kama ilivyoandikwa. Hoja yake ilitokana na neno katika aya linaloagiza kwamba maneno hayo “yawe”, naye akalifasiri kuwa na maana ya kubaki jinsi yalivyo. Wanazuoni wengine waliegemea neno la kwanza la aya, yaani shema lenyewe, amri ya kusikia, nao wakasema: kwa lugha yoyote unayoisikia.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu ili kuipata hoja hii. Mtu akiulizwa kama “anasikia Kiganda”, haulizwi habari ya masikio yake. Anaulizwa kama anakielewa. Na mtoto “msikivu” ni mtoto anayetii. Kitenzi cha Kiebrania kina maana hizo zote tatu: kupata sauti, kuelewa na kutii. Katika lugha zisizounganisha maana hizo, hoja ya wanazuoni huonekana kama mchezo wa maneno. Katika Kiswahili inasimama yenyewe: asiyeielewa lugha hajasikia, na asiyesikia hajatimiza amri ya kusikia.

Talmudi ya Yerusalemu inahifadhi kisa kinachoonyesha uzito wa jambo hili. Katika mji wa Kaisaria mwanazuoni mmoja aliwakuta Wayahudi wakisoma Shema kwa Kigiriki, akataka kuwazuia. Rabi Yose alikasirika akauliza: je, asiyejua kusoma Kiebrania asisome kabisa? Uamuzi wake ulikuwa kwamba mtu hutimiza wajibu wake kwa lugha anayoijua. Katika swali la Rabi Yose ndimo lilimo jambo lenyewe linalopiganiwa. Kumkataza asiyejua Kiebrania hakumfanyi ajue Kiebrania; kunamwondoa tu katika jamii ya wanaosali.

Kuna kauli nyingine inayoelekea upande wa pili. Talmudi inasema kwamba mtu asiombe mahitaji yake kwa Kiaramu, kwa kuwa malaika hawaishughulikii lugha hiyo. Kauli hii ilisuluhishwa na Talmudi yenyewe kwa kutofautisha sala ya mtu binafsi na sala ya jamaa: jamaa haihitaji msaada wa malaika. Wafafanuzi wa Talmudi wa zama za kati waliistaajabia kauli hiyo, wakauliza iwezekanaje malaika wanaojua mawazo ya moyo wasijue Kiaramu. Nyuma ya mshangao wao lilikuwapo swali la kiteolojia: je, sala hupitia kwa wapatanishi, au humfikia Mungu moja kwa moja? Baadaye Maimonides aliliweka wazi katika misingi yake ya imani kwamba ni Mungu peke yake anayestahili kuabudiwa, bila mpatanishi.

4.0 Vitabu vya sheria vya zama za kati

Maimonides, aliyeishi Misri katika karne ya 12, aliandika vitabu vyake vingi kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa hati za Kiebrania, lakini kitabu chake kikuu cha sheria, Mishneh Torah, alikiandika kwa Kiebrania. Humo anaeleza asili ya Amida kwa namna inayowahusu moja kwa moja wanaisimu. Kwa maelezo yake, baada ya uhamisho wa Babeli watoto wa Israeli walikua wakichanganya lugha, hata mtu alipotaka kusali hakuweza kueleza haja zake kwa Kiebrania pasipo kuingiza maneno ya lugha nyingine. Ndipo Ezra na baraza lake wakapanga baraka zenye maneno maalumu, ili sala ya mwenye ulimi mzito iwe kamili sawa na ya mwenye ufasaha.

Kwa maelezo hayo, matini isiyobadilika ni tiba ya upotevu wa lugha. Inamkopesha msemaji ufasaha asiokuwa nao. Lakini tiba hiyo inaweza kuleta ugonjwa mwingine: mtu akariri maneno asiyoyaelewa. Maimonides mwenyewe alisisitiza kwamba sala isiyo na kavana, yaani nia na uelekeo wa moyo, si sala. Kuhusu Shema aliruhusu isomwe kwa lugha yoyote ambayo msomaji anaielewa, akaongeza sharti: atakayeisoma kwa lugha nyingine na ajihadhari na makosa ya matamshi katika lugha hiyo kama ambavyo angejihadhari katika Kiebrania. Sharti hili linaipa lugha ya kienyeji heshima kamili. Lugha inayobeba sala inastahili usahihi.

Nchini Ujerumani, katika karne ya 12 na ya 13, kitabu kiitwacho Sefer Hasidim kilikwenda mbali zaidi kwa kushauri kwamba asiyeelewa Kiebrania asali kwa lugha anayoielewa, kwani sala hutegemea moyo. Karne tatu baadaye Yosef Karo, katika Shulhan Arukh iliyochapishwa Venice mwaka 1565, alikusanya maoni yote: jamaa yaweza kusali kwa lugha yoyote, mtu binafsi asali kwa Kiebrania, lakini wapo wanaosema kwamba kizuizi hicho kinahusu maombi ya pekee tu, si sala iliyopangwa, na wapo wanaosema kwamba kizuizi ni cha Kiaramu peke yake. Hakuna hata maoni moja katika orodha hiyo yanayoifuta ruhusa ya Mishna.

Maisha ya jamii yalithibitisha hivyo. Wayahudi wa Hispania na Ureno waliolazimishwa kuwa Wakristo, na ambao baadaye walirudi katika Uyahudi, hawakuwa na Kiebrania. Katikati ya karne ya 16 vitabu vya sala vya Kihispania vilichapishwa Ferrara, Italia, kwa ajili yao. Wanawake wa Ulaya ya Mashariki walikuwa na sala zao za Kiyidishi. Katika Ethiopia, Beta Israeli walisali kwa Kigeezi kwa karne nyingi pasipo kukijua Kiebrania.

5.0 Mgogoro wa Ujerumani

Katika karne ya 19 ruhusa hii ya kale iligeuka kuwa uwanja wa vita. Mwaka 1818 kundi la Wayahudi wa Hamburg lilifungua hekalu lao jipya, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chao cha sala chenye sehemu za Kijerumani. Waliwategemea marabi waliounga mkono mabadiliko, nao wakainukuu Mishna. Mahakama ya marabi ya Hamburg ilijibu kwa kuchapisha, mwaka 1819, mkusanyo wa maoni ya marabi wa miji mingi ya Ulaya waliopinga.

Aliyekuwa na sauti kubwa kati ya wapinzani ni Moses Sofer wa Pressburg, mji uitwao leo Bratislava. Yeye hakuikana Mishna. Alidai kwamba ruhusa yake ni ya dharura, kwa mtu au kwa wakati fulani, na haikukusudiwa kuwa utaratibu wa kudumu wa sinagogi zima. Kama lugha ya watu ingetosha kuwa lugha ya kudumu ya sala, alihoji, mbona waliopanga Amida waliipanga kwa Kiebrania wakati ambapo wengi wa watu wao walikuwa wameshaanza kusema lugha nyingine? Hoja ya Maimonides ikawa silaha mikononi mwa Sofer: hali ile ile iliyozaa matini maalumu ndiyo inayoilinda lugha ya matini hiyo.

Ni lazima pia kutambua kwamba lugha haikuwa jambo pekee lililogombaniwa. Kitabu cha Hamburg kilibadilisha maneno ya sala zinazohusu kurudi Sayuni na kurejeshwa kwa dhabihu. Waliopinga waliona kwamba mlango wa lugha ulikuwa umeingiza mageuzi ya itikadi. Waliounga mkono waliona kwamba mtu hana budi kuyaamini maneno anayoyatamka.

Mwaka 1845 marabi wapenda mageuzi walikutana Frankfurt wakajiuliza kama Kiebrania ni cha lazima katika sala. Abraham Geiger alitetea Kijerumani, akieleza kwamba ndiyo lugha iliyogusa hisia za ndani za watu wa kizazi chake, yeye mwenyewe akiwamo. Wengi, kwa tofauti ndogo ya kura, waliamua kwamba Kiebrania si cha lazima kwa asili yake, japo kwa wakati ule kilifaa kubakizwa. Zacharias Frankel, aliyekubali kwamba sheria inaruhusu lugha nyingine, alijitoa mkutanoni. Kwake sheria na historia ni vitu viwili: jambo laweza kuruhusiwa na sheria, lakini kuliacha kukawa ni kukata uzi unaowaunganisha watu na wenzao wa nchi nyingine na wa zama nyingine. Mwaka 1854 akawa mkuu wa chuo cha marabi cha Breslau, na mkondo wake wa fikra ndio ulioandaa njia ya tapo liitwalo leo la Kihafidhina.

Upande wa wanaoshika mapokeo, Israel Meir Kagan (1838–1933), katika kitabu chake Mishnah Berurah, alipokea msimamo wa Sofer, akaongeza tatizo la tafsiri: katika Shema yamo maneno ambayo maana yake kamili haijulikani vya kutosha kuyatafsiri. Mfano ni totafot, kitu kinachovaliwa kati ya macho. Mwingine ni kitenzi cha kuwafundisha watoto, ambacho mzizi wake unahusiana na kunoa. Kiswahili kina “kunoa bongo”, na huenda kingekikaribia kitenzi hicho kuliko “kufundisha” tu. Lakini ukaribu huo wenyewe unathibitisha wasiwasi wa Kagan, kwani kila chaguo la mfasiri hufunga milango ambayo neno la asili liliiacha wazi.

6.0 Abayudaya wa Uganda

Mjadala huu wote ulikuwa haujulikani kwa Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda aliyeshirikiana na Waingereza kuitawala mashariki ya Uganda, kisha akafarakana nao. Alikuwa Mprotestanti, baadaye akajiunga na kundi la Bamalaki. Mwaka 1919, baada ya kuisoma Biblia na kuamua kuzishika amri za vitabu vya Musa, alijitahiri pamoja na wanawe. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya. Biblia aliyoisoma ilikuwa ya Kiganda, iliyokamilishwa kuchapishwa mwaka 1896 kwa kazi ya wamisionari wa Kikristo. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha Kiganda cha mafundisho na sala kwa ajili ya jamii yake.

Jambo moja husahaulika kwa urahisi. Mbale ni eneo la Wagisu, na jirani zao ni Wagwere na wengineo. Kwa wafuasi wengi wa Kakungulu, Kiganda hakikuwa lugha ya mama. Kilikuwa lugha ya utawala, ya shule na ya kanisa, iliyoenezwa mashariki kwa sehemu na utawala wa Kakungulu mwenyewe. Kwa hiyo “lugha inayosikika” ya Abayudaya ilikuwa lugha ya mawasiliano mapana, kama Kigiriki kilivyokuwa Kaisaria, na kama Kiswahili kilivyo katika sehemu kubwa ya kanda hii.

Kiebrania kiliwafikia kidogo kidogo. Wageni wa Kiyahudi waliopita Uganda katika miaka ya 1920 waliwafundisha herufi, kalenda na baadhi ya baraka. Kakungulu alifariki mwaka 1928, na jamii ikaendelea kwa yale iliyoyashika. Chini ya Idi Amin ibada ya Kiyahudi ilipigwa marufuku, na idadi ya Abayudaya ilishuka hadi mamia machache. Kilichobaki ni kile kilichoweza kubebwa kichwani, hasa zaburi za Kiganda. Katika miaka ya 1980 vijana waliifufua jamii kwa kuziimba zaburi hizo kwa tuni za kienyeji, na mwaka 2003 nyimbo zao zilitolewa na Smithsonian Folkways.

Mwaka 2002 marabi wa tapo la Kihafidhina walisimamia uongofu rasmi wa mamia ya Abayudaya, na mwaka 2008 Gershom Sizomu alipewa daraja la urabi Los Angeles. Kundi jingine, la Putti, lilichagua kufuata njia ya Kiorthodoksi. Ibada za Nabugoye leo huchanganya Kiebrania na Kiganda: sala za faradhi huelekea Kiebrania, zaburi na mafundisho hubaki katika lugha ya watu. Mpangilio huu unakaribiana sana na msimamo wa Frankel, na haikuwa kwa bahati, kwani waliowapokea ni warithi wa fikra zake.

Kwa Abayudaya, hata hivyo, Kiebrania kina thamani ya ziada. Uhalali wa uongofu wao umebishaniwa, hasa katika Israeli. Mtu ambaye Uyahudi wake unatiliwa shaka hawezi kuitumia ruhusa ya Mishna kwa wepesi ule ule wa mtu asiyeulizwa. Myahudi wa New York akisali kwa Kiingereza huonekana amechagua. Mgwere akisali kwa Kiganda huweza kuonekana hajui. Sheria ni moja, lakini gharama ya kuitumia hailingani.

7.0 Mafunzo kwa sera ya lugha

Kutokana na mjadala huu yanaweza kutolewa mambo matatu. Kwanza, Mishna haikuuliza lugha ipi ni bora. Iliuliza tamko lipi linafanya kazi gani. Kiapo lazima kieleweke na anayekula kiapo. Baraka ya makuhani ina umbo lililoagizwa. Wanaopanga lugha ya mahakama, ya mitaala ya dini au ya hafla za umma wangefaidika na mgawanyo huo wa kazi kuliko na amri moja kwa kila muktadha.

Pili, kuihifadhi lugha ya kale ni suala la elimu kabla ya kuwa suala la sheria. Msimamo wa Sofer una maana pale tu ambapo kuna shule za kufundisha watoto Kiebrania. Palipokosekana shule, kama Kaisaria, Ethiopia au Mbale ya mwaka 1922, kushikilia lugha ya asili kungekuwa kufunga mlango. Anayedai lugha iheshimiwe anapaswa kuulizwa walimu wako wapi.

Tatu, tafsiri haifanyiki bila maamuzi ya kiteolojia. Mgogoro wa Hamburg na tahadhari ya Kagan vinaonyesha kwamba istilahi kuu zinahitaji kujadiliwa na wataalamu wa lugha pamoja na wenye dini yao. Kamati za istilahi za Kiswahili zinapoandaa msamiati wa masomo ya dini zingefanya vyema kuwaalika hata wafuasi wa dini zenye watu wachache, maana hao ndio wenye uwezo mdogo zaidi wa kujisahihishia neno likishazagaa.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba ruhusa ya kusali kwa lugha inayoeleweka iliandikwa mwanzoni mwa sheria ya marabi na haikufutwa na kizazi chochote. Kilichobadilika ni masharti yake: usahihi kwa Maimonides, moyo kwa Sefer Hasidim, muda kwa Sofer, umoja wa watu kwa Frankel. Kila sharti lilikuja kujibu hatari iliyokuwapo. Abayudaya, walioanza bila Kiebrania na bila rabi, wameifikia sehemu ya majibu hayo kwa njia yao wenyewe: wanajifunza Kiebrania ili watambuliwe na wenzao, na wanaimba kwa Kiganda kwa kuwa ndicho kilichowavusha. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu jinsi lugha hizo mbili zinavyogawana nafasi katika sinagogi zao, na utafiti huo ungefaa kufanywa na watafiti wa kanda hii, ambao wanaisikia mojawapo ya lugha zinazohusika.